Miguu Isiyoambiwa Asante

Nilipokuwa mtoto, watu walikuja nyumbani kwetu kuazima miguu yangu. Nyumba nyingine watu huenda kuazima jembe au chekeche. Kwetu waliulizia miguu. Mtu alifika asubuhi na mapema, amejikunja, mkono kiunoni, akamsalimia Bibi kwa heshima zote, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje mama, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Leo nimeamka vibaya. Kashinje yupo?" Nami nikatolewa ndani na tongotongo zangu machoni, kwa sababu kazi ile ilitakiwa kufanywa kabla sijanawa uso.

Kwa Msukuma jina langu linajieleza. Kashinje ni mtoto aliyekuja duniani kwa kutanguliza miguu. Kwetu iliaminika, na hata leo inaaminika na wengi kuliko wanaokubali kusema, kwamba mtoto wa namna hiyo ana dawa nyayoni. Mgonjwa wa mgongo alilala kifudifudi juu ya ngozi ya ng'ombe uani, nikapanda kwa mguu wa kushoto, nikatembea pole pole kutoka kiunoni hadi mapajani, kisha nikaruka chini. Sikutakiwa kusema neno. Naye akiinuka hakutakiwa kunishukuru, iwe kwa asante ya Kiswahili au kwa wabeja ya kwetu. Ukishukuru dawa, alisema Bibi, umeuita ugonjwa urudi. Kwa hiyo watu walijipukuta vumbi, wakaokota fimbo zao, wakaondoka kama vile hawajanikuta nyumbani.

Sikuichukia kazi ile, ila ilinichosha. Mimi sasa ni fundi cherehani hapa Bariadi mjini, nakanyaga pedeli tangu asubuhi hadi nyonga zinawaka moto, na wateja wangu hunionea huruma wakidhani uchovu huu ni wa mjini. Hawajui kwamba niliuanza nikiwa na umri wa miaka tisa hivi, juu ya migongo ya watu wazima, kabla ya uji. Lakini hiyo migongo si kitu. Aliyenichosha kuliko wote hakuwa mtu, alikuwa punda.

Kijijini kwetu, upande wa Sapiwi, maji yalikuwa mtoni, na mto wenyewe kwa sehemu kubwa ya mwaka ulikuwa mchanga mtupu. Ulichimba shimo mchangani, ukasubiri maji yajikusanye, ukachota kwa kikombe hadi dumu lijae. Punda wetu mzee ndiye aliyeyapandisha nyumbani. Alipokufa alituachia mtoto wake wa kiume, aliyekwisha kuacha kunyonya lakini hajafundishwa kazi yoyote. Nilimwita Sabuni kwa sababu ya pua yake nyeupe. Alionekana kama mtu aliyenawa akasahau kusuuza povu.

Basi Mama akarudia kubeba maji kichwani, asubuhi na jioni, huku tukimsubiri Sabuni akue. Shingo ya Mama ikaanza kukakamaa. Ikifika jioni hakuweza kugeuza kichwa. Ukimwita aligeuka mwili mzima, kuanzia miguuni, ndipo akutazame. Sisi watoto tulikuwa tukimwiga na kucheka, naye alicheka pia, hadi siku moja nilipomwona nyuma ya nyumba amejishika shingo kwa mikono miwili, analia bila sauti. Sikuiga tena.

Kilema cha Sabuni kilionekana mvua zilipokatika. Kwa mbele alikuwa punda mzima, kichwa juu, masikio yanazunguka. Taabu ilikuwa nyuma. Tako la kulia lilikuwa limejaa, la kushoto limebonyea hadi mfupa wa nyonga ukatokeza. Akitembea kiuno kiliyumba, na ukimgeuza ghafla alijikanyaga mwenyewe. Akitaka kuamka alianza kwa kukaa kama mbwa, akatulia kidogo akitafakari mambo yake, ndipo akajiinua kwa kishindo. Na kila alipopita, ncha ya ukwato wa nyuma wa kushoto iliburuzika na kuchora mstari vumbini. Ungeweza kumtafuta Sabuni kijiji kizima kwa kufuata mstari ule.

Bwana mifugo alipita mara moja, akamzunguka, akambonyeza kiuno, akatikisa kichwa. Alisema huenda alianguka vibaya akiwa mdogo, au huenda amezaliwa hivyo, na kwamba yeye hasa ni mtu wa ng'ombe. Halafu akaomba maji ya kunywa, akapewa yale yale Mama aliyoyabeba kichwani.

Baba alikuwa anajiandaa kupeleka ng'ombe upande wa Kimali kutafuta malisho. Hakuwa mtu mbaya, Baba yangu. Alikuwa mtu wa haraka, aliyependa jambo liishe, na aliumizwa na ile shingo ya Mama kuliko alivyoweza kusema. Enzi hizo kulikuwa na lori lililozunguka vijijini kuchukua punda, na kila mtu alijua kwamba punda aliyepanda lori lile hakuwa anakwenda kubeba maji ya mtu. Asubuhi ya kuondoka, Baba alisimama mlangoni mwa zizi akamtazama Sabuni akiamka kwa mtindo wake wa mbwa.

"Nikirudi nikamkuta hivi hivi, anapanda lori," alisema. "Tutafute mwingine anayeweza kazi. Mke wangu hawezi kuwa punda kwa sababu ya punda."

Mimi nilikwenda kulia chooni, mahali pekee nyumbani kwetu ambapo mtu hakuulizwa unafanya nini.

Bibi ndiye aliyekuja kunitoa huko. Alikuwa mama yake Baba, mfupi, mkavu, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alinisimamisha uani, akaniangalia miguu yangu badala ya uso, kama alivyozoea.

"Acha kulia, ng'wanawane. Huyu mnyama anaumwa kiuno. Wewe ni nani?"

"Kashinje."

"Sasa unalia nini?"

Nikamwambia punda hawezi kulala kifudifudi juu ya ngozi. Bibi akasema yeye hajafika umri ule bila kulijua hilo. Mnyama hakanyagwi mgongo, alisema, mnyama hukanyagiwa nyayo. Nitatembea nyuma ya Sabuni kila asubuhi kabla sijanawa, kutoka zizini hadi kule juu kwenye mawe, kisha kushuka hadi mchangani mtoni, kisha nyumbani. Yeye atangulie, mimi nifuate, na kila mguu wa nyuma wa kushoto utakapoacha alama, nikanyage hapo hapo, nifute na mstari. Nisimchape wala kumharakisha. Akisimama, nisimame.

"Na masharti ni mawili," alisema, akihakikisha Mama naye anasikia. "Asiwekewe hata kilo mgongoni mpaka mvua nyingine zinyeshe. Na mtu asimshukuru huyu mtoto. Mtu yeyote."

Nikaanza. Asubuhi za kwetu wakati wa kiangazi ni za baridi kavu, na mawe ya kule juu yalikuwa yamehifadhi baridi yote ya usiku. Nilikwenda pekupeku, kwa sababu dawa haivai viatu, na hata kama ingevaa sikuwa navyo vya kuvaa kila siku. Sabuni alipanda kwa shida. Pale njia ilipoinuka alilazimika kusukuma kwa miguu ya nyuma, na ule wa kushoto ulikuwa ukitetemeka, na mara nyingine alisimama katikati ya mlima akaniangalia kwa jicho moja kwa kunishutumu. Nilisimama nami. Mchangani ilikuwa taabu ya aina nyingine: miguu ilizama, ikabidi ainyanyue mmoja mmoja, juu, kama anayevuka magogo. Nami nyuma yake nikifuta mstari, nikifuta mstari, tumbo tupu, macho hayajanawa.

Shuleni nilikuwa nalala. Nilikuwa naweka daftari mbele yangu, naegemea kiganja, nazima. Mwalimu akauliza darasa zima, "Huyu Kashinje usiku anafanya kazi gani?" na mtoto mmoja akajibu kutoka nyuma, "Ni daktari wa punda!" Jina likanishika kwa muda mrefu. Nikirudi nyumbani hakukuwa na wa kuniambia pole wala asante. Pole nilikuwa napewa mara moja moja na Mama, kwa macho. Asante ilikuwa imepigwa marufuku. Mtoto anaweza kuvumilia mengi akijua kwamba hata kunyamaziwa ni sehemu ya dawa, na mimi niliamini hivyo kwa moyo wote, tena nilijivuna. Nilipoona watoto wengine wakishukuriwa kwa kuleta kiberiti niliwaonea huruma kwamba kazi zao ni ndogo.

Mstari ukaanza kufupika. Mwanzoni sikumwambia mtu, nilidhani ni macho yangu. Kisha ukawa vipande vipande, hapa upo, hapa haupo. Tako lililobonyea likaanza kujaa, pole pole sana, hata Mama akawa anapitisha kiganja juu yake kila jioni na kusema, "Hebu." Siku moja kule kwenye mawe Sabuni alipanda bila kusimama. Alifika juu akaanza kung'oa majani makavu, na mimi nikafika nyuma yake nikihema, nikageuka kutazama njia tuliyopita. Vumbini kulikuwa na kwato nne safi na nyayo zangu, basi. Nilikaa chini nikacheka peke yangu.

Nilishuka mbio kumwambia Bibi. Alitikisa kichwa, akasema, "Mvua bado."

Baba akarudi mvua zikiwa bado. Alifika mchana na ng'ombe waliokonda, vumbi hadi kwenye kope, na kabla hajakaa Sabuni alitoka zizini akikimbia, kwa kupenda tu, mkia juu, akazunguka uwanja mzima. Baba akasimama na fimbo yake mabegani. Akamtazama kwa nyuma, kisha kwa ubavuni, kisha akaja kuminya lile tako la kushoto kwa vidole vyake vyote vitano. Wakati huo huo Mama alikuwa anaingia uani na ndoo kichwani. Akasikia sauti ya Baba, akageuka kumtazama, mwili mzima, kuanzia miguuni.

Nadhani hapo ndipo jambo lilipoamuliwa. Nimeifikiria siku ile mara nyingi nikiwa juu ya cherehani, na kila mara narudi kwenye mgeuko ule wa Mama na uso wa Baba alipouona.

"Leteni madumu," alisema.

Mama alitua ndoo. "Mama kasema mpaka mvua."

"Mama yuko wapi?"

Bibi alikuwa kwa jirani, kwenye msiba.

"Huyu si mgonjwa tena," Baba akasema. "Hebu mwone. Wewe umebeba vya kutosha."

Mama alisimama kidogo. Kisha akaenda kuleta madumu. Alikwenda polepole, lakini alikwenda.

Baba mwenyewe alimtandika Sabuni gunia, akampeleka mtoni, akamning'iniza madumu mawili makubwa yaliyojaa kila upande, na akampandisha kwa njia ya mkato, ile yenye mwinuko mkali. Mimi nilifuata nyuma. Nilijaribu kukanyaga nyayo lakini sikuweza, walikuwa wanakwenda haraka. Sabuni alifika nyumbani ametoa jasho hadi tumboni, miguu ya nyuma imejipanua, lakini amefika. Mama akamimina maji kwenye pipa na kusikiliza yanavyoingia. Alikuwa anacheka. Na Baba yangu, mtu wa haraka, akaninyanyua juu mbele ya majirani wote waliokuja kumsalimia, akanizungusha, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Asante, mwanangu! Wabeja sana! Umetuokoa!"

Bibi alikuwa ndiyo kwanza anaingia uani kutoka msibani. Alisimama, akaweka kiganja mdomoni. Baba akanishusha chini taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichokivunja.

Asubuhi yake Sabuni hakuweza kuamka. Alikaa kama mbwa, akajaribu, akaanguka ubavu. Akajaribu tena. Tako la kushoto lilikuwa linatetemeka lenyewe, kama ngozi inayofukuza inzi, na hakukuwa na inzi. Tulimzunguka wote. Mama alishika mdomo wake, Baba alishika fimbo yake, na Bibi akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Si nilisema?"

Alisema masharti mawili. Lakini pale zizini, mbele ya majirani, lililokumbukwa ni moja. "Alishukuru," watu wakaambiana. "Mtoto aliyemtibu alishukuriwa, tena hadharani." Jirani mmoja akatoa mfano wa shemeji yake aliyesema asante akapooza. Mwingine akatoa wake. Ya madumu hakuna aliyeyataja, na yalikuwa pale pale ukutani, bado yana unyevu. Baba aliinamisha kichwa akakubali. Aliomba radhi kwa Bibi kwa kushukuru.

Sasa naona kwa nini. Kosa la kushukuru ni kosa ambalo mtu anaweza kuishi nalo. Ni kosa la furaha, la kumpenda mtoto wake. Kumtwisha mnyama mgonjwa mzigo wa punda watatu na kumpandisha mwinuko, hilo ni kosa la mtu anayejulikana kwa haraka zake, na lingemgusa hata Mama aliyeleta madumu. Neno likabeba mzigo wote. Na kwa kuwa kila mtu alimpenda mwenzake pale nyumbani, kila mtu akaona ni nafuu.

Nilianza upya. Asubuhi, pekupeku, mawe, mchanga, kufuta mstari. Safari hii ilikuwa ndefu zaidi na mimi nilikuwa nimechoka kabla ya kuanza. Mvua zilinyesha, zikakatika, na mimi nyuma ya Sabuni. Mstari ulifupika tena lakini haukuisha. Alibaki hivyo maisha yake yote: kiuno kikiyumba kidogo, mguu ukiandika kidogo. Aliweza kubeba vidumu viwili vidogo, kimoja kila upande, si zaidi, na yaliyobaki Mama aliendelea kuyabeba kichwani. Walikuwa wakipanda kutoka mtoni pamoja, mmoja hawezi kugeuza shingo, mwingine hawezi kunyoosha mguu. Lori lilipofika kijijini Baba alitoka hadi barabarani kulizuia lisiingie uani kwetu. "Huyu hauzwi," alisema, na sikumsikia akieleza zaidi. Sabuni alikufa kwa uzee wake, zizini.

Lakini jambo moja lilibaki. Kuanzia siku ile, nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kunishukuru kwa lolote. Mwanzoni ilikuwa ni tahadhari, huku miguu inaendelea na matibabu. Baadaye ikawa mazoea. Nilipika, nikafua, nikawapeleka wadogo zangu zahanati, nikavuna pamba hadi vidole vikatoka damu kwa miiba ya vitumba vyake, na mtu alipokea, akatazama pembeni. Ndugu zangu walishukuriwa, mimi nilinyamaziwa kwa heshima. Nilipokuja mjini kujifunza kushona, mteja wangu wa kwanza alivaa gauni, akajitazama kwenye kioo, akasema, "Asante sana, dada." Nilishtuka nikamwambia, "Usiseme!" Aliniangalia hadi leo sijui alinifikiriaje. Usiku ule nilikuwa na wasiwasi kwamba mshono utafumuka.

Bibi alikwisha kufariki, na Baba akamfuata miaka kadhaa baadaye. Mara ya mwisho nilipomwogesha Baba miguu, alipokuwa hawezi tena kuinama, alifungua mdomo, akaniangalia, akaufunga. Nilielewa. Nililia nikiwa kwenye basi la kurudi mjini, na niliwachukia wote kwa muda, marehemu Bibi, Baba, hata Sabuni.

Mwaka huu Mama alipata kiharusi. Kilimshika upande mmoja, mkono na mguu wa kushoto. Hospitali walimkalisha wiki kadhaa, kisha wakatuambia tumrudishe nyumbani na tumtembeze kila siku, polepole, ili mguu ukumbuke kazi yake. Ndugu zangu wako mbali na wana watoto wadogo, au ndivyo wanavyosema kwenye simu. Nikafunga cherehani, nikafunika na kitambaa, nikaenda Sapiwi.

Siku ya kwanza nilipomtoa uani, Mama alijishikilia kwenye fimbo, akapiga hatua, na ndala yake ya kushoto ikaburuzika mchangani ikachora mstari. Tuliutazama wote wawili. Hakuna aliyesema jina la Sabuni, lakini alikuwepo.

"Pita nyuma," Mama akaniambia.

"Mama, hospitali wamesema nikushike mkono."

"Wao hawakujui. Pita nyuma."

Nikavua viatu. Nikapita nyuma ya mama yangu, mtu mzima niliye na mvi zangu za kwanza, nikikanyaga kila mahali mguu wake wa kushoto ulipoacha alama, nikifuta mstari. Tulifanya hivyo kila asubuhi kabla sijanawa, kutoka mlangoni hadi ulipokuwa mlango wa zizi, na kurudi. Akisimama, nilisimama. Sijui kama niliamini. Nilikuwa nimechoka mno kuamini au kutoamini. Miguu ilikuwa inajua kazi, niliiacha ifanye.

Alipata nafuu kidogo. Aliweza kufika chooni mwenyewe, aliweza kukaa na kuchambua maharage kwa mkono mmoja. Mstari ulibaki. Na juzi, tukiwa tumefika zizini, Mama alisimama muda mrefu kuliko kawaida. Nilidhani anapumzika. Kisha akageuka kunitazama, mwili mzima, kuanzia miguuni, kwa shida kubwa.

"Yalikuwa madumu," alisema.

Nikatazama mahali yalipokuwa asubuhi ile, ukutani.

"Baba yako alijua. Mimi nilijua kabla yake. Nilikuwa na neno la kumzuia na sikulirudia mara ya pili, kwa sababu shingo ilikuwa inaniuma. Nilitaka siku moja tu nisibebe." Ulimi wake siku hizi ni mzito, kila neno alilitafuta. "Wewe ndiye uliyekuja kulipia. Miaka yote hii hatujakwambia."

"Basi, Mama. Yamepita."

"Hayajapita. Upo hapa bila viatu." Akavuta pumzi. "Wabeja, mayu. Kwa Sabuni. Kwa yale maji. Kwa Baba yako, ulivyomwogesha. Asante."

Niliogopa. Ndiyo ukweli, na siuonei aibu. Kabla ya furaha, kabla ya machozi, nilimkimbilia nikamshika kiuno, nikiwa na uhakika kwamba anaanguka.

"Mama, umesema! Ugonjwa utarudi."

"Urudi," alisema. "Mimi ni mzee, ungerudi hata kama ningenyamaza. Wewe nikikunyamazia mpaka nife, hilo nani atalitibu?"

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nasikiliza pumzi zake kupitia ukuta, na nikawa najiambia mambo ya mtu mzima: kwamba kiharusi hakina masikio, kwamba mguu wa Sabuni ulivunjwa moyo na uzito, na si na neno. Niliyajua hayo yote siku nyingi. Lakini kujua hakukunisaidia. Hofu yangu ilikuwa na miaka tisa na haikuwa imekwenda shule. Nilijua pia kwamba kati ya yote tuliyoyafanya kwa ajili ya punda yule, kupanda mawe kulimsaidia na kunyamaza hakukumsaidia yeyote. Nilihesabu watu niliowahi kuwakanyaga na sikumaliza.

Kulipopambazuka nilitoka mbio uani, kama nilivyotoka kwenda zizini asubuhi ile Sabuni aliposhindwa kuamka, sijafunga hata kitenge vizuri. Mama alikuwa ameshaamka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jiko, sinia la maharage mapajani, mkono wa kushoto umelala pale pale unapolala kila siku. Hakuwa amezidiwa, wala hakuwa amepona. Alinitazama toka utosini hadi kwenye miguu yangu iliyo pekupeku, akacheka kwa upande mmoja wa uso, ule unaocheka.

"Umekuja kuangalia kama nimeanguka."

"Ndiyo."

"Sijaanguka. Maji yapo kwenye ndoo. Nenda kanawe uso kwanza, uvae na viatu, ndiyo tutembee."

Nikaenda kunawa.